Barafu Haijatoa Jasho

Wiki yangu ya pili kazini, mwaka 2013, nilipangiwa huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watoto na chanjo huko huko wanakoishi, kwenye kitongoji cha mlimani huko Lushoto. Chuoni tulikaririshwa kwamba chanjo hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na mimi kichwani nilibaki na hofu moja tu: joto. Asubuhi ile nikatoa pakiti za barafu kwenye friza, ngumu kama mawe, nikazipanga ndani ya kibeba chanjo, vichupa katikati, nikafunga kifuniko. Nilijiona nimewahi.

Kina mama walikuwa wametusubiri chini ya mti tangu alfajiri. Nilikuwa nimeshachoma penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, watoto wanne pale Sista, muuguzi mkongwe niliyepangiwa naye, alipochukua pakiti moja akaitikisa karibu na sikio. Kimya.

“Mwanangu, hii barafu uliiacha nje kwanza itoe jasho, maji yacheze ndani?”

Nikamwonyesha alama kwenye kichupa, ambayo kimraba chake cha ndani huwa cheusi chanjo ikipata joto. Kilikuwa bado cheupe! Akaniambia taratibu kwamba alama ile hutoa habari za joto tu, baridi haiijui. Surua na polio ya matone hazidhuriki zikiganda. Penta ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ukaiona nzima.

Tukasimamisha kazi. Kuwaambia wale kina mama warudi nyumbani na watoto wao, baada ya kupanda mlima ule, kuliniuma kuliko karipio lolote.

Usiku Sista akagandisha makusudi kichupa kingine cha toleo lilelile. Asubuhi kilipoyeyuka tukakitikisa pamoja na kile nilichotumia mlimani, tukaviweka mezani. Haikufika nusu saa, vyote viwili vilikuwa na maji maangavu juu na chembechembe nyeupe zimetuama chini. Havikuwa na tofauti yoyote: changu nacho kilikuwa kimeganda.

Mganga mfawidhi akaamua watoto wale wanne wachomwe chanjo upya. Niliomba niende mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Watatu walinielewa upesi. Mama wa nne alinitazama kwa muda mrefu.

“Kwa hiyo mwanangu alilia bure?”

“Ndiyo, mama. Nilikosea mimi.”

Hakujibu. Nikafungua kibeba chanjo, nikampa pakiti ya barafu, nikamwomba aitikise. Akaisogeza sikioni. Maji yakacheza ndani. Akaitikisa tena, akanirudishia, kisha akamfungua mtoto mgongoni na kumpakata, paja likiwa wazi.