Sanduku la Mninga Kwenye Reli ya Kati

Eda yangu ilipoisha, miezi minne na siku kumi, nilikaa nyumbani siku tatu tu. Ya nne nikawa stesheni ya Dar es Salaam na sanduku la vifaa vya marehemu mume wangu. Aliusia liende Ujiji kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Wanangu walinisihi nipande treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu basi, nifike bila kuchoka. Nikakataa. Mwaka 1984 yeye alikuja Dar kwa treni ya zamani, ana mashati mawili na nyundo moja, nami nilitaka vifaa vyake virudi kwa njia ileile.

Mchukuzi alipolinyanyua sanduku akauliza, "Mama, humu mna nini?"

"Kazi za mume wangu."

Akalisukuma chini ya kitanda taratibu, na pesa aliyonidai ikawa ndogo kuliko tuliyopatana.

Kule kwetu Temeke walimwita Fundi, basi. Ukiuliza fundi wa nini, kila nyumba ilikuwa na jibu lake. Kwa jirani wa kulia alikuwa fundi bomba, kwa wa kushoto fundi redio. Msikitini ndiye aliyejua kwa nini spika inakoroma. Baiskeli, pasi, feni, majiko ya mafuta ya taa, milango iliyovimba wakati wa masika, vyote vilipita mikononi mwake. Misumari aliipanga kwa urefu kwenye makopo ya maziwa ya unga. Mtu akimletea kitu kibovu hakukimbilia kukifungua, alikizungusha, akakisikiliza, kisha akauliza, "Kimeanza lini kulalamika?" Na mwenye kitu akaeleza yote, mpaka na ugomvi wa nyumbani uliokiangusha. Miaka 33 mimi nilikuwa namshikia tochi.

Tuliondoka jioni. Morogoro na Kilosa zikapita gizani, na Dodoma tukaifikia jua limeshakuwa kali. Baada ya Bahi treni ikaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, polepole mno, watoto wakiwapungia wachunga ng'ombe. Saranda kina mama walikuja madirishani na kuku wa kukaanga kwenye masinia. Nikanunua mapaja mawili kwa mazoea. La pili nikampa binti wa kitanda cha juu.

Binti huyo alikuwa anashuka Urambo. Alikuwa amebeba cherehani ya mkono iliyotumika, kainunua Kariakoo kwa akiba ya mwaka mzima, na ilikuwa imekwama. Tangu Dodoma alikuwa akijaribu gurudumu, halizunguki, na kila akijaribu macho yanajaa machozi. Nilivumilia mpaka Manyoni. Hapo nikasikia kinywa changu kikisema, "Imeanza lini kulalamika, mwanangu?"

Nikalivuta sanduku. Alilichonga mwenyewe kwa mninga, na tangu tumzike hakuna aliyelifungua. Ndani nilikuta kila kifaa kimepakwa grisi kidogo na kuviringishwa kwenye kitambaa. Koleo, spana, patasi, tupa, randa, kila kimoja na nguo yake. Na vile vitambaa vilikuwa kanga zangu kuukuu, zile nilizodhani zimeshakuwa matambara ya kudekia. Nikaitambua ya arusi ya wifi yangu. Nikaitambua niliyombebea kifungua mimba wetu. Nilikaa nazo mapajani, na wale kina mama wa chumbani wakaninyamazia, Mungu awalipe.

Kisha nikachukua bisibisi yake ndogo, ile ya mpini uliozungushiwa utepe mweusi. Kwa kumulika tu nilikuwa nimejifunza zaidi ya nilivyojua. Nyuma ya bobini uzi ulikuwa umejisokota mpaka ukawa kama ukucha. Nikauchambua kwa sindano, mmoja akatoa kijichupa cha mafuta ya nazi, nikamwambia hapana, hayo yataganda, chukua haya ya cherehani. Yalikuwemo sandukuni. Tone hapa, tone pale, tukasubiri. Kabla ya Itigi gurudumu lilizunguka. Binti alicheka huku analia, akaniuliza nani kanifundisha.

Akashuka Urambo usiku wa manane, na mimi sikupata tena usingizi. Kulipopambazuka tulikuwa ndani ya miombo, na nikawa naitafuta miti ya mninga dirishani kama alivyonionyesha tulipokwenda kwao mara ya kwanza.  Halafu tukafika mto Malagarasi.

Kila tukipita mto huo alinisimulia meli ya Liemba, na kila mara niliisikiliza upya kwa sababu yeye aliisimulia upya. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaitia kwenye masanduku yapata 5,000, ikaletwa Kigoma kuunganishwa. Ikashuka ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata vita vikawaelemea, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hapo ndipo sauti yake iliposhuka: "Mama Watoto, hebu fikiri. Wanaipoteza, na bado wanaipaka grisi."

Miezi yake ya mwisho, figo zilipomchosha, alikuwa akizunguka nyumbani na penseli. Ndani ya kabati ya umeme aliandika swichi ipi inazima nini. Kila koki aliifungua na kuifunga ili isije ikaganda. Nilimgombeza. "Baba Watoto, pumzika, vyote hivyo vizima!" Niliamini anaukataa ugonjwa. Darajani pale grisi ya jana ilikuwa bado kwenye kucha zangu, nikaomba anisamehe kwa yale maneno.

Uvinza wakapanda watu na mifuko ya chumvi, kisha tukafika Kigoma, ambako reli inaishia karibu kabisa na maji. Liemba nilitamani niione, ila ilikuwa kwenye matengenezo, nikaridhika na harufu ya migebuka na upepo wa ziwa. Bajaji ikanipeleka Ujiji, chini ya ile miembe mikubwa. Wifi alinipokea mlangoni, mlango aliouchonga kaka yake kabla hajaondoka. Tulikumbatiana muda mrefu, hakuna aliyeanza kusema. Baadaye ndipo ukaja ugali, dagaa, na habari za kila aliyefariki tangu safari yangu iliyopita.

Mpwa alinawa mikono kabla ya kulifungua sanduku. Alikunjua vitambaa kimoja kimoja, akavirudisha vilevile. Ndani ya kifuniko mjomba wake alikuwa ameorodhesha vifaa vyote kwa penseli, naye akavifuata kwa kidole, akitaja, akigusa. Kidole kikasimama.

"Mama, bisibisi ndogo haimo."

"Nimebaki nayo."

Akaitikia kwa kichwa. Akatoa penseli sikioni, akaandika jina langu mbele ya bisibisi ile, kisha akaendelea na tupa.