Vipande vinne vya mashine ya Mzee

Binti yangu alikuwa anatafuta waya wa kuchajia simu kwenye droo yangu, akatoka na hadidiski nyeusi iliyofungwa kwa raba. Juu yake kuna plasta niliyoibandika zamani na kuandika kwa kalamu: HAJATI, USIFUTE. Akaichomeka kwenye kompyuta kabla sijasema neno.

"Baba, mzee.aa, mzee.ab, mzee.ac, mzee.ad. Halafu?"

Halafu hakuna. Hapo ndipo yanapoishia.

Ilikuwa Malaba, mpakani, upande wa Uganda, Januari 2021, wiki ya uchaguzi. Intaneti ilizimwa nchi nzima jioni ya tarehe 13, na wakala wa forodha bila intaneti hana kazi. Madereva wa transiti walilala chini ya malori yao, sisi tukabaki kutazamana. Seva yetu ilikuwa moja tu, kwenye chumba cha nyuma kilichopakana na stoo ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na mashine pepe tatu, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja, juu ya KVM, programu ya kuziendesha: ya hesabu, ya nyaraka za mizigo, na ya Mzee.

Programu ya bakapu hatukuwa nayo. Nilimwonyesha Hajati, bosi wetu, bei, akaniuliza tukate mshahara wa nani, nikanyamaza. Basi nikawa nafanya kwa mkono. Kila usiku skripti ilitoa data ya hesabu na kuituma kwenye seva ya mbali, na mara mojamoja nilizima mashine nzima nikanakili faili la diski yake. Hiyo mara mojamoja ilikuwa na miezi mitatu haijafika. Nilikuwa na snapshoti pia, yaani alama za hali ya mashine ilivyokuwa wakati fulani, na nilizitegemea kuliko zilivyostahili. Snapshoti inakaa kwenye diski ileile na inaegemea faili lilelile la msingi. Diski ikifa, vyote vinazikwa pamoja.

Ijumaa ile kafyu ya saa tatu usiku ilinikuta bado ofisini, nikatandika kartoni. Kama saa nne na nusu nikaisikia diski. Sauti ndogo, kavu, kama panya anayeguguna mahindi. Inanyamaza, inarudi. Nikafungua logi: hitilafu za kusoma, mstari juu ya mstari.

Maduka yamefungwa, kutuma mbali haiwezekani. Nikagonga dirisha la Hajati, maana anakaa ng'ambo ya ua. Akatoka amejifunga leso kichwani, akanisikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani na kuleta hadidiski hii. "Ina picha za mazishi ya Mzee," akasema. "Sina nyingine. Usiifute, mwanangu."

Nikazizima mashine pepe zote tatu, nikiisubiri kila moja ijifunge yenyewe. Ukinakili mashine ikiwa inafanya kazi, hifadhidata hutoka nusu imeandikwa nusu haijaandikwa, na hutajua mpaka siku ya kuiamsha. Usiku ule hakukuwa na wa kulalamika. Kwanza nikachukua yale mafaili madogo ya maelezo ya kila mashine: ina kumbukumbu kiasi gani, diski yake iko wapi, anwani ya kadi yake ya mtandao. Kisha nikaanza na ya hesabu, gigabaiti 40.

Ilipofika gigabaiti 4 ikakataa. Hadidiski ya Hajati ilikuwa ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Dawa ya kawaida ni kuifomati upya, lakini mle ndani mlikuwa na mazishi ya Mzee. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, mkono juu ya kibodi, nikimsikiliza panya. Ndipo nikakumbuka amri ya split. Inakata faili kubwa vipande, nikachagua gigabaiti 3 kila kimoja, inavipa majina aa, ab, ac, na siku ukivihitaji unaviunga tena kwa cat.

Kwa kasi ya USB ile, megabaiti 25 hivi kwa sekunde, ya hesabu ni nusu saa. Ya nyaraka, gigabaiti 90, ni saa nzima. Ya Mzee ilikuwa gigabaiti 18, yaani dakika 12. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi sana tangu usiku ule.

Niliiweka mwisho kwa sababu hakuna aliyekuwa anaitumia. Ilikuwa kompyuta yake ya mezani, Windows XP, niliyoihamisha nzima kuwa mashine pepe baada ya yeye kufariki. Barua zake, orodha za madereva wake, mizigo ya miaka yote ile.

Hajati hakurudi kulala. Alileta chai ya maziwa kwenye chupa, akakaa juu ya kreti akitazama namba zinavyopanda. Ya nyaraka ilipofika katikati, diski ikaanza kuchoka. Megabaiti 25, kumi, tatu, inasimama kabisa, inashtuka, inaendelea.

"Na ya Mzee umeshaiweka?"

"Bado, Mama. Ndiyo inayofuata."

Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai, akaniongezea sukari bila kuniuliza.

Ningeweza kusimamisha ya nyaraka pale pale. Zilikuwa picha za karatasi, na karatasi zenyewe nyingi zilikuwa stoo, nyuma ya ukuta niliouegemea. Sikuliona hilo. Niliogopa kukatiza kazi iliyokwisha kuanza.

Saa tisa kasoro, ya Mzee ikaanza. aa. ab. ac. ad. Kisha panya akanyamaza, na safari hii hakurudi.

Jumatatu intaneti ikarudi. Kwenye kompyuta ya kuazima, mashine ya hesabu ikaamka mara ya kwanza, na kwa kuwa nilikuwa na maelezo yake, hata anwani yake ya mtandao haikubadilika. Ya nyaraka ikaamka na matundu machache. Hajati alinishukuru mbele ya watu wote.

Miezi kadhaa baadaye nilijaribu kitu. Niliunga vile vipande vinne, nikalirefusha faili kwa amri ya truncate mpaka likafikia gigabaiti 18 zake, pengo lote likawa sifuri, nikalifungua kwa kusoma tu. Likafunguka. Orodha ya majina ilikuwemo, maana ilikaa kwenye sehemu niliyoiokoa. Barua nyingi zilisomeka. Hajati aliomba moja tu, iliyoitwa "Kwa watoto". Jina lipo, ukubwa upo, tarehe ipo. Ndani yake ni sifuri mwanzo hadi mwisho.

Aliniachia hadidiski. "Kaa nayo," alisema, hakuongeza neno.

Binti yangu amesikiliza yote haya ameinamia meza. Ameleta hadidiski yake mpya, anataka tunakili kila kitu leo leo kabla hii nayo haijaanza kuguguna. Ameniuliza tuanze na ipi, picha za mazishi au vile vipande vinne. Nimemwomba anipe dakika moja.