Kadi ya michoro isiyodai waya: hatua iliyouchelewesha mradi wangu wa kompyuta ya michezo

Hatimaye kompyuta inacheza. Mnara wa Dell OptiPlex 9020, ambao kabla ya kufika Unguja ulikuwa mashine ya ofisini, sasa una kadi ya michoro ya GTX 1650 inayopata umeme wake wote kwenye nafasi ya PCIe, yaani tundu refu la bodi mama ambamo kadi huchomekwa, bila ya waya hata mmoja kutoka kwenye pawa saplai, na mchezo wa mpira unakwenda kwa fremu 60 kwa sekunde bila ya mashine kujizima. Naandika kumbukumbu hii kwa sababu kuichagua kadi hiyo kulikula muda mwingi kuliko vipuri vyengine vyote kwa pamoja, na kwa sababu vijana wengi wanaonunua mashine kama hizi Darajani na Mlandege huanza kwa kuulizia bei ya kadi, ilhali katika kompyuta za ofisi jambo la kwanza kuulizwa ni wati.

Mashine yenyewe ni ile inayojulikana: prosesa ya i5-4590, RAM ya DDR3 ya GB 8 katika kijiti kimoja, na pawa saplai ya wati 290 isiyo na waya wowote wa kulisha kadi ya michoro. Pawa saplai hiyo ndiyo iliyotawala mradi mzima. Katika kompyuta ya kawaida mtu angeing'oa na kuweka kubwa zaidi, lakini bodi ya 9020 haitumii plagi ya pini 24 tuliyoizoea. Ina plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe. Zipo nyaya za kubadilishia, na wapo wanaozitumia kwa usalama. Hata hivyo njia hiyo inataka ununue pawa saplai mpya, ununue na waya, kisha uamini namba iliyoandikwa ubavuni mwa boksi, na mimi siamini boksi jepesi lililoandikwa wati 500 lisilo na alama yoyote ya ubora. Pawa saplai ya awali ni ya wati chache, lakini wati zake ni za kweli. Niliamua ibaki, na kadi ndiyo iifuate.

Hapo hesabu ikawa wazi. Nafasi ya PCIe inaruhusiwa kutoa wati 75 na si zaidi. Prosesa imepimwa kwa wati 84. Ukijumlisha hizo mbili unapata 159, na hata ukiongeza bodi, diski, feni na vifaa vya USB, bado uko mbali na 290. Kwa hiyo kadi yoyote inayotosheka na wati 75 za nafasi yake inafaa, na yoyote inayodai waya wa ziada haifai, hata ikiwa ya bei nafuu namna gani.

Iliniuma sana kuiacha kadi ya RX 570. Ina nguvu kuliko GTX 1650, na katika kadi zilizokwishatumika bei yake mara nyingi ni ya chini, lakini inakula takribani wati 150 na kwa kawaida inataka plagi ya pini 8. Kila nilipoieleza shida hiyo kwa wauzaji nilipewa jawabu lile lile. Mmoja aliniambia, “Kaka, hilo si tatizo, nakupa na waya wa kubadilishia bure.” Waya anaoukusudia ni ule unaotoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, na kuupeleka kwenye kadi. Naomba hapa nikae kidogo, kwa sababu waya huu unauzwa kama kitu kisicho na madhara. Plagi ya umeme ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila pini imeundwa kupitisha ampea 1.5, jumla ni ampea 4.5, sawa na wati 54. Plagi ya pini 6 ya kadi inaruhusiwa kudai wati 75, na ile ya pini 8 wati 150. Kadi ikidai zaidi ya wati 54, umeme unaopita unazidi uwezo wa pini. Pini hupata joto ndani ya plastiki ya plagi, na ndiyo maana nyaya hizi zinajulikana kwa kuyeyuka. Katika nyumba ambayo kompyuta inawashwa usiku watoto wamelala chumba cha pili, siuweki waya huo kwa bei yoyote.

Zilibaki kadi tatu. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ndiyo rahisi kuipata, na nyingi hazina plagi ya ziada. Tatizo ni kwamba kizazi chake, yaani Pascal, kilifikia mwisho wa draiva za michezo, yaani programu zinazoiandaa kadi kwa michezo mipya, mwezi Oktoba 2025, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Vilevile ni kadi inayoghushiwa sana: chipu ya zamani huandikiwa jina jipya ndani ya BIOS yake, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya kadi, na Windows inaliamini. Dalili moja huonekana kwa macho. Kizazi cha Pascal hakitoi tena ishara ya VGA, kwa hiyo ukiona “1050 Ti” yenye tundu la VGA, ishuku papo hapo. Jambo hili linatugusa zaidi sisi, kwa sababu skrini nyingi zilizotumika zinazotufikia ni za VGA, na mnunuzi huifurahia kadi yenye tundu hilo pasipo kujua linaashiria nini. Ni bora ununue kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani yake.

RX 6400 ilinivutia kwa wati zake 53, lakini inatumia njia nne tu za kupitishia data katika PCIe. Katika bodi mpya yenye PCIe 4.0 hilo linavumilika. Katika mashine yangu yenye PCIe 3.0 njia nne ni takribani GB 4 kwa sekunde, na mchezo ukishaijaza kumbukumbu ya GB 4 ya kadi, data hulazimika kupita katika mlango huo mwembamba na picha inaanza kukwama. Isitoshe, haina sehemu ya kurekodi video ndani ya chipu, nami napenda kurekodi mechi tunazocheza na wenzangu.

Ikabaki GTX 1650: ya mwaka 2019, chipu ya TU117, kumbukumbu ya GB 4, njia 16, wati 75. Na hapa ndipo mradi ulipokwama kwelikweli, kwa sababu jina hilo moja limebandikwa juu ya kadi nyingi zisizofanana. Zipo zilizoongezwa kasi kiwandani zikawekewa plagi ya pini 6, na zipo zisizo na plagi kabisa, na kwenye tangazo zote huandikwa “GTX 1650 4GB”. Picha za wauzaji huonyesha feni, na feni hazielezi chochote kuhusu umeme. Ninachokitaka ni picha ya ukingo wa juu wa kadi, ile sehemu ya nyuma mbali na matundu ya skrini, kwa sababu plagi ikiwapo itaonekana hapo. Wauzaji wa Kariakoo walikuwa wakinitumia picha ya boksi. Wengine walinihakikishia kwa maneno kwamba haina plagi, kisha video ikaonyesha tundu jeusi la pini 6 likiwa wazi kabisa. Niliendelea kuomba ukingo, ukingo, ukingo, mpaka nikampata mmoja aliyeelewa mara moja na kunipigia picha pande zote nne. Kadi ni fupi, ina feni moja, na ilivuka na boti kutoka Dar es Salaam ikiwa imefungwa vizuri.

Nilipoipokea niliifungulia GPU-Z kabla ya kitu chengine chochote. Katika programu zote za kukagua kadi hiyo ndiyo ninayoiheshimu zaidi: ni ndogo, haitaki kusakinishwa, na huitaja chipu ya bandia waziwazi. Ilisema TU117, vitengo vya kukokotoa 896, njia 16. Joto nalitazama kwa HWiNFO. Lakini chombo kilichonisaidia kuliko programu zote ni kipimawati cha kuchomeka ukutani, maana kinaonyesha umeme unaoliwa na mashine nzima, pamoja na ule unaopotea ndani ya pawa saplai. Anayetaka kupandisha hadhi kompyuta ya ofisi anunue hicho kwanza.

RAM haikuwa na mjadala. Niliongeza kijiti cha pili cha GB 8 cha kasi ile ile ya 1600, mashine ikafika GB 16, na data sasa inapita katika njia mbili, yaani GB 25.6 kwa sekunde badala ya 12.8. Pini za vijiti vyote viwili nilizisafisha kwa spiriti kali ya isopropili, kwa sababu hewa yetu ya chumvi huziachia utando, hasa wakati wa masika.

Hatua iliyopangwa kufuata ilikuwa kubadilisha prosesa na kuweka i7-4790, yenye nyuzi 8 za kazi, yaani kazi inazoweza kuzishika kwa wakati mmoja, badala ya 4. Nimeiahirisha. Wakati wa kutafuta kadi nilisoma habari za T1000, kadi ya wabunifu inayotumia chipu ile ile ya TU117 yenye vitengo vile vile 896, ila kwa wati 50. Nikajiuliza kwa nini yangu isifanye kazi kwa umeme pungufu. Katika MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kasi na umeme wa kadi, niliteremsha kikomo cha umeme hadi asilimia 80, yaani wati 60, na fremu nikazifunga kwenye 60. Mchezo wa mpira haukubadilika kwa namna ninayoweza kuiona, ule wa magari umepungua kidogo sana, na feni ambayo ilikuwa ikivuma sasa nalazimika kuinamia mnara ili niisikie. Katika chumba kisicho na kiyoyozi, kwenye joto la kaskazi, hilo lina thamani kuliko nyuzi nne za prosesa.

Kwa hiyo fedha ya i7 nimeielekeza kwenye stabilaiza, maana pawa saplai ya umri huu ndiyo kipuri pekee ambacho sina mbadala wake mkononi. Nikiipata stabilaiza hiyo nitarudi kwenye kipimawati, nishuke hadi asilimia 70, na niandike hapa fremu zinaanza kuanguka wapi.