Gasketi yenye matundu matatu

Jumapili, usiku

Swali hili limenikaa kichwani wiki nzima: fundi wa magari anapovua kombati akarudi uraiani, anaondoka na nini hasa? Wengi watasema ufundi. Lakini mafundi uraiani wamejaa, na wengine wana mikono myepesi kuliko wa jeshini. Mimi nadhani anaondoka na uzito wa kukataa kufunga kitu ambacho hakijapimwa. Mtaani uzito huo unamgombanisha na wateja. Kwenye uhandisi ndio unaomlisha.

Nichukue kazi moja tu, Land Rover 110 yenye injini ya 300Tdi. Ni dizeli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,495, injini ileile iliyokuwa kwenye Land Rover za Wolf za jeshi la Uingereza. Gari imechemsha, gasketi ya hedi, kizibo bapa kinachokaa kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Gereji nyingi zitavua hedi, zitaipeleka ikachongwe, gasketi itanunuliwa duka lolote, bolti zitakazwa mpaka mkono useme basi, na jioni gari inaondoka.

Tatizo ni kwamba gasketi ya injini hii ina unene wa aina tatu, na alama yake ni vitundu vidogo pembeni. Kitundu kimoja ni milimita 1.30, viwili 1.40, vitatu 1.50. Ya kufunga haichaguliwi kwa macho wala kwa kuangalia iliyotoka, kwa sababu huenda aliyetangulia naye alibahatisha. Unasafisha uso wa bloku, unaweka saa ya kupimia, unazungusha krankshafti taratibu mpaka pistoni ifike juu kabisa, kisha unasoma imechomoza kiasi gani juu ya bloku. Unafanya hivyo kwa zote nne na kufuata iliyochomoza zaidi. Milimita 0.50 hadi 0.60 ni kitundu kimoja, 0.61 hadi 0.70 viwili, 0.71 hadi 0.80 vitatu.

Fundi mzuri anaishia hapo, na kazi yake ni sahihi. Mhandisi anaulizwa swali la pili: ukikosea, kinaharibika nini, na kwa kiasi gani? Hesabu yenyewe inaingia kwenye kiganja. Kipenyo cha silinda ni milimita 90.47. Ukifunga ya vitundu vitatu mahali pa kimoja umeongeza milimita 0.2, yaani kama sentimita za ujazo 1.3 kwenye chumba cha mwako ambacho kwa mgandamizo wa 19.5 kwa 1 kina 33.7 tu. Mgandamizo unashuka hadi karibu 18.8. Gari itawaka, ndiyo, lakini asubuhi ya Julai kule Njombe itasumbua na kutoa moshi mweupe, na dereva atalaumu betri. Ukikosea upande wa pili, pistoni na valvu zinakaribiana kuliko inavyotakiwa. Hedi iliyochongwa inazidisha hatari hiyo, maana valvu nazo zimesogea chini.

Bolti nazo zina yao. Zote zinaanza na nguvu ya kukaza ya Nm 40 (nyutonimita) kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje, kisha zinazungushwa nyuzi 60 za pembe, kisha nyuzi 60 tena, na zile 10 ndefu za M12 zinaongezewa nyuzi 20. Kwa nini nyuzi? Kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya spana huliwa na msuguano. Bolti yenye kutu itakudanganya kwamba imekaza, ila nyuzi zinafuata jinsi bolti inavyovutika. Na kabla ya yote, kausha matundu ya bolti. Maji au oili iliyobaki chini haina pa kwenda, na bloku inaweza kupasuka.

Halafu linakuja swali ambalo gereji hailipwi kuliuliza: ilichemsha kwa nini? Mara nyingi utakuta thamostati, valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto, ilishatolewa "ili ipoe vizuri". Kwenye injini yenye njia ya mchepuko, ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari inachemsha zaidi. Au mfuniko wa mfumo wa maji umechoka, shinikizo halishiki, maji yanachemka mapema. Au paipu ilivuja na geji ikabaki chini, dereva akatulia. Geji husoma joto la maji yanayoigusa sensa. Maji yakiisha, sensa iko hewani.

Sasa karatasi. Tanzania, ili usajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, unatakiwa uwe na shahada ya uhandisi na miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya usimamizi. Mwenye stashahada ana daraja la fundi sanifu. Miaka 15 ya karakana ya kikosi, peke yake, haihesabiwi kuwa shahada, na hili linawauma wengi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiye na cheti cha kiraia, kabla ya kufikiria stashahada na ngazi za juu yake.

Kumbukumbu za gari za jeshi hazitoki kambini, na zisitoke. Ila fundi anaweza kuweka daftari la kazi zake za uraiani, bila namba ya gari wala jina la mteja. "Nilibadilisha gasketi" halimwambii msimamizi chochote. Ningeandika hivi:

Pistoni 1: 0.56. 2: 0.58. 3: 0.55. 4: 0.57. Iliyotolewa vitundu vitatu. Iliyofungwa kimoja. Thamostati haikuwepo, imerudishwa ya nyuzi joto 88.