Mikia Iliyonidanganya Mtoni

Aliyenipa ushauri wa kwanza wa kutofautisha makundi mawili ya wadudu wanaokulia majini, Efemeroptera (kwa Kiingereza mayfly) na Plekoptera (stonefly), aliutoa kwa uhakika kabisa: hesabu mikia, ikiwa mitatu, huyo ni tunutu, yaani mdudu mchanga, wa Efemeroptera, na ikiwa miwili, ni wa Plekoptera. Nikaenda Mto Morogoro, unakoteremka kutoka milima ya Uluguru, nikapindua mawe asubuhi nzima na kurudi na wadudu zaidi ya 40, ambao niliwagawa mafungu mawili kwa majivuno yasiyo kifani. Karibu nusu ya fungu langu la Plekoptera walikuwa Efemeroptera. Wengine niliwakata mkia mwenyewe kwa koleo, na wengine walikuwa wa familia ya Baetidae, ambamo wapo wenye mkia wa kati uliofupika hata usionekane kwa macho matupu.

Siku hizi mikia naitazama mwisho. Naanza na mguu, kwa kuwa wa Efemeroptera huishia kwa ukucha mmoja na wa Plekoptera kwa kucha mbili, kisha natafuta matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, ambavyo Efemeroptera huwa navyo ubavuni mwa fumbatio, sehemu ya nyuma ya mwili. Matamvua hayo yalinitesa mpaka nilipoacha kuwatia wadudu katika spiriti papo hapo, maana humo hulegea na kudondoka, nikawaweka hai katika kifuniko cheupe cha kopo la aiskrimu chenye maji kidogo. Mle ndani yalipepea kama feni, na kwa lenzi ya mkono ya shilingi elfu chache niliwatambua Caenidae, familia nyingine ya Efemeroptera, bila kubahatisha, kwani jozi yao ya pili ya matamvua imekuwa vigae viwili vya pembe nne vinavyozifunika zile za nyuma. Familia ya Heptageniidae hata lenzi hawahitaji: ni bapa, na macho yako juu ya kichwa.

Kwa wadudu wazima nilijiaibisha upya. Nilimkuta Efemeroptera mmoja karibu na taa, mabawa yamesimama wima mgongoni, yenye rangi ya moshi, nikamfunika kwa bilauri. Asubuhi nilimkuta mwingine mle mle, mabawa yake angavu kama kioo, na macho yamenyanyuka kama kilemba, alama ya dume la Baetidae. Nilikwisha kuandika "spishi mbili" daftarini ndipo nikaliona gamba tupu chini ya bilauri: alikuwa yule yule, amejivua usiku, jambo ambalo wadudu wengine wenye mabawa kamili hawalifanyi.