Fizi zisizotoa damu: siku yangu moja kazini

Saa 1:30 asubuhi. Natoa vifaa kwenye mashine ya kutakasia, napitia orodha ya watakaokuja. Mimi ni tabibu wa meno kwenye timu ya afya ya jamii, na leo ni zamu ya watu wazima wanaovuta sigara.

Saa 3. Baba mmoja wa makamo anaketi kwa kujiamini. "Daktari, mimi fizi zangu nzima. Hata tone la damu sijawahi kuona." Kwa macho ni kweli: fizi zimepauka kidogo, ngumu, hazijavimba. Napenyeza kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita kati ya fizi na gego la juu. Fizi yenye afya hukiruhusu kuingia milimita 1 hadi 3. Hapa kinazama mpaka 7. Nampa kioo ajionee.

Nikotini ya kwenye sigara hubana mishipa midogo ya damu, hivyo kutoka damu, ile dalili inayomshtua mtu mapema, kunajificha, huku mfupa unaoshikilia jino ukiliwa chini kwa chini. Ndiyo maana siipendi fomu yetu inayouliza tu kama fizi zinatoa damu. Mvutaji atajibu hapana, atarudi nyumbani, na siku atakayokuja tena jino linacheza.

"Sasa mswaki napiga wa nini kila siku?" ananiuliza. Mswaki haufiki milimita 7, baba. Nakwangua ukoga uliogeuka jiwe, upande mmoja leo, mwingine akirudi.

Saa 6. Foleni inakwenda. Mmoja anatumia ugoro. Fizi imeshuka palepale anapouweka.

Saa 8 mchana. Kikundi cha wanaoacha. Siwahubirii, kwamba sigara inaua wameshasoma kwenye pakiti. Tunaongea arosto, yale mateso ya kukosa sigara: siku za mwanzo ndizo kali, na hamu ikipanda huwa inapita baada ya dakika chache. Kisha jojo ya nikotini, dawa ya kutuliza hamu ya sigara. Wengi huitafuna mfululizo halafu wanalalamika kwikwi na kiungulia, kumbe inatafunwa taratibu mpaka iwashe, kisha inabanwa shavuni. Wapo wanaosema kuitumia ni kujidanganya. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Mimi sioni aibu iko wapi.

Saa 9:30. Dada mmoja anaingia amekasirika. "Nimeacha fegi, sasa ndiyo natoka damu nikipiga mswaki! Si bora nilivyokuwa?" Hapa ndipo tunapoweza kumpoteza mtu. Namweleza kwamba damu imeanza kurudi kwenye fizi, na uvimbe uliokuwa umefichwa unaonekana. Nampima, namsafisha, namwonyesha namna ya kupitisha uzi kati ya meno. Anaondoka bado amenuna, lakini miadi amechukua.

Saa 11 jioni. Nampigia aliyekosa kuja. Kavuta tena, anaona haya. Namwambia aje hivyohivyo, wengi huacha baada ya kujaribu zaidi ya mara moja, na fizi zinatibika hata akiwa bado anahangaika. Kimya kidogo, halafu anauliza kesho nafasi ipo saa ngapi. Saa 4.