Tuta la tatu: maji ya kisima yalinidanganya

Nimepata jibu! Miezi minne nabishana na udongo huu wa Mikindani hapa Mombasa, na jibu limekuja kutoka kwa chupa ya maji ya betri (yale yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi wala asidi, angalieni msije mkajiunguza) nlonunua duka la spea.

Shida mwaijua. Matuta matatu kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mfinyanzi mtupu, si ule udongo wa matumbawe wa kisiwani na Nyali, na kila masika lile tuta la chini, la tatu, lashuka. Mvua ya Mei iliniachia mfereji wa kuzamisha mguu hadi goti. Maji yaliyotoka pale nkayakinga kwenye ndoo, rangi ya chai ya maziwa, siku mbili hayajatulia. Hiyo ndoo ndo ilininyima usingizi, kwa sababu majaribio yangu ya mabonge yalikuwa yasema kitu kingine kabisa.

Bonge kavu la udongo, ukubwa wa njegere, kichujio cha chai, tumbukiza, subiri. Nlifanya mara 11, daftari liko hapa. Kila mara bonge lameguka dakika ya kwanza, vipande vyatua chini, maji yabaki safi waona kidole upande wa pili wa glasi. Basi nkasema hii ni hewa tu, maji yaingia kwa kasi kwenye udongo mkavu, hewa iliyonaswa ndani yabanwa mpaka yapasua bonge, dawa yake ni mboji na kufunika na kuacha kulima ovyo. Nkatia samadi ya mbuzi magunia 6, makumbi, makuti machakavu ya jirani. Tuta la kwanza na la pili yakakubali, siku hizi ukivunja bonge waona vijizizi na nyuzi za kuvu zimeshikilia udongo kama uzi wa kofia. La tatu wapi!

Kwanza vichujio vya plastiki msinunue, matundu yajifunga mara moja, chukueni cha waya. Na ile programu ya simu ya SLAKES ni nzuri ukiwa na pa kuisimamisha simu isitikisike, lakini yenyewe yapima bonge linavotanuka, na mimi shida yangu ilikuwa rangi ya maji.

Sasa, rangi. Majaribio yote 11 nlitumia maji ya kisima, kwani maji ya mkokoteni nnunue mtungi kwa mtungi halafu niyamwagie udongo? Na kisima chetu ni chumvi, sabuni haitoi povu. Chumvi ile ndo iliyokuwa yashikanisha chembe za mfinyanzi zikatua chini, mi nkadhani udongo ni mzima. Mvua haina chumvi! Emerson, mtaalamu wa udongo, tangu 1967 jaribio lake ni la maji yaliyokenekwa, nkajifanya mjuaji, maji ni maji. Jana nkatia bonge la tuta lile lile kwenye maji ya betri, sikuligusa wala sikutikisa, dakika 10 likaanza kuzungukwa na wingu, baada ya saa 2 glasi nzima maziwa.

Na kwa nini la tatu peke yake? Kwa sababu ndilo mpira wa kisima unalolifikia, wallahi. Kiangazi chote nalinywesha chumvi. Sodiamu ya ile chumvi yang'ang'ania mfinyanzi, mvua ikija yaosha chumvi lakini sodiamu yabaki, chembe zaanza kusukumana na kutawanyika kwenye maji. Yale mengine mawili nlikuwa nayamwagilia kwa ndoo, maji ya paa. Mwenyewe ndo nlikuwa naliua tuta langu, na samadi gunia 6 juu yake.

Wiki hii nlikuwa nipande mchaichai kwa mistari kukata mteremko. Haikutendeka, akili yote imehamia kwa jasi (gypsum, ile ya bodi za siling). Chokaa ya matumbawe nliifikiria lakini udongo huu ni alkali tayari, haitayeyuka. Jasi yayeyuka, kama gramu 2 na nusu kwa lita, kalsiamu yake yaingia pale ilipokuwa sodiamu. Fundi wa siling kanipa vipande vilivyobaki, nkabandua karatasi, nkatwanga kwenye kinu (mama hajui, na asijue). Kijiko kimoja kwenye ile glasi ya maziwa, asubuhi mfinyanzi wote chini na maji juu yameng'aa. Nlipiga kelele mtoto akaamka.

Najua glasi si tuta. Nimetia jasi nusu ya tuta, nusu nyingine nimeiacha vile vile, vijiti vimepigwa kila futi 1 na alama ya rangi usawa wa udongo, nione vuli ikija upande upi utashuka. Mpira wa kisima nimeukunja. Miche ya mchaichai iko bado kwenye mkebe barazani, majani yaanza kukauka ncha.